Sultan Hamud: mji uliozaliwa ju treni ilisimama

Kila nikisafiri Mombasa Road na mtu hajaizoea, tukifika Sultan Hamud swali ni lile lile: kwani sultani alikuja kutafuta nini Ukambani? Na si swali la ujinga. Hapo uko kama kilomita 110 kutoka Nairobi, bahari iko mbali huko nyuma ya Tsavo, hakuna magofu, hakuna msikiti wa mawe ya matumbawe, mnazi hata wa kusingizia hakuna. Kuna maduka yameangalia lami, hoteli za nyama, malori yamepaki kandokando, wamama wa maembe na machungwa, wazee wa Kimaasai na shuka zao wakingoja gari, watu wa bodaboda wamejilaza juu ya pikipiki kwa kivuli. Alafu juu ya hayo yote kuna jina la mfalme wa Zanzibar.

Wenyeji hata hilo jina hawalimalizi. Ni Sultan tu. "Nashuka Sultan", "nimetumwa Sultan", "ako Sultan kwa shangazi yake". Hamud aliachiwa ramani.

Jibu la haraka ni kwamba reli ndiyo ilimleta, na wengi huishia hapo. Lakini ukiishia hapo unakosa utamu, ju ukiifuata hiyo reli polepole ndio unaelewa kwa nini kuna mji mahali kama pale, kwa nini upande mmoja watu ni wa Makueni na wakivuka kidogo ni Kajiado, na kwa nini treni ya siku hizi inapita huko bila hata kuangalia kando.

Tuanze na mwenye jina. Hamoud bin Mohammed alikalia kiti cha Zanzibar mwaka 1896, na alikikalia kikiwa bado na moshi. Agosti ya mwaka huo Sultan Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, Khalid bin Barghash akajitia ikulu bila kuwauliza Waingereza, wakampa muda atoke, akakataa, na asubuhi ya tarehe 27 manowari zao zikaanza kuipiga ikulu mizinga. Haikufika saa moja mambo yalikuwa yameisha, Khalid amekimbilia kwa Wajerumani na Hamoud ndiye sultani. Kwa hivyo huyu alikuwa mtu anajua vizuri nani amemweka pale. Mwaka 1897 alitia sahihi amri ya kuufuta utumwa kisheria Unguja na Pemba, kitu Waingereza walikuwa wanakidai siku nyingi, na akaishi nao hivyo hivyo mpaka alipofariki 1902.

Sasa hapa ndipo watu huchanganyikiwa. Wengine hudhani kama kuna jina la sultani basi ile nchi ilikuwa yake. Haikuwa. Ni kweli misafara ilikuwa inapanda na kushuka kutoka pwani tangu zamani kwa ajili ya pembe za ndovu, na Wakamba wenyewe walikuwa mabingwa wa hiyo biashara kabla ya wengi, walikuwa wanafika Mombasa na miguu yao wakati Mzungu hajajua hata Mto Athi uko wapi, kwa hivyo habari za sultani zilijulikana mbali. Lakini mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani waliketi wao kwa wao wakaamua kwamba mali ya sultani huku bara ni ukanda wa maili 10 kutoka majini, basi. Upande wa Kenya huo ukanda Waingereza wakauchukua kwa kodi mwaka 1895, na ndio maana bendera nyekundu ya sultani ilibaki inapepea Fort Jesus mpaka uhuru wa 1963. Sasa piga hesabu: stesheni ya Sultan Hamud iko maili kama 250 kutoka Mombasa ukifuata reli. Mtu alipewa mji maili 240 nje ya ua lake.

Alikuja kama mgeni. Reli ya Uganda ilikuwa inajengwa, ncha yake ikiwa imefika hiyo maili ya 250, Hamoud akaletwa kuitazama, na kambi iliyokuwa pale ikabaki na jina lake. Nikiifikiria hiyo safari nacheka kidogo na pia naona uchungu: anapandishwa treni na watu ambao miaka michache tu nyuma wameipiga mizinga ikulu ya Zanzibar, anaonyeshwa nchi ambayo hao hao waliamua si ya ukoo wake, alafu kwa heshima wanamwachia jina juu ya kibao.

Neno ncha ya reli linataka maelezo kidogo. Reli haikujengwa kama nyumba, useme watu wako hapa mpaka iishe. Ilikuwa kama mji unaotembea. Mbele kabisa kuna wapimaji, nyuma yao watu wa kukata vichaka na kusawazisha udongo, alafu wale wa kulaza mataruma na vyuma, na nyuma yao treni yenyewe inakuja juu ya kile kilichomalizwa jana, imebeba vyuma vya kesho, maji, mchele, hema, kila kitu. Ikimaliza kipande, kambi nzima inang'olewa inasogezwa mbele. Wafanyakazi wengi waliletwa kutoka India, hasa Punjab, jumla yao karibu 32,000 kwa miaka yote ya ujenzi, na karibu 2,500 walikufa. Wengi wa waliobaki hai walirudi kwao, kama 6,700 hivi wakakaa huku.

Kazi ilianza Mombasa 1896. Mwaka 1898 ncha ilikuwa Tsavo, maili ya 132, na hiyo hadithi kila mtu anaijua, simba wawili wakala wafanyakazi kuanzia Machi mpaka wakauawa Desemba, kazi ya daraja ikasimama kwa muda. Baada ya Tsavo reli ilikimbia. Mwisho wa Mei 1899 ilikuwa imefika Nairobi, maili ya 327, na Desemba 1901 ikagusa ziwa pale Kisumu. Maili ya 250 iko katikati ya Tsavo na Nairobi, kwa hivyo mgeni wetu alikuja kwenye ile mbio.

Lakini kambi zilikuwa nyingi sana na nyingi zilimezwa na vichaka. Kwa nini hii ilibaki?

Hapa lazima uelewe treni ya mvuke, na uelewe njia moja.

Njia moja kwanza. Reli ya zamani kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni njia moja tu ya chuma, upana wa mita moja kamili. Treni inayopanda na inayoshuka zinatumia chuma hicho hicho. Zikikutana katikati ya pori hakuna ya kusogea kando, hii si matatu ati utapanda ukingo wa barabara. Kwa hivyo kila baada ya kilomita kadhaa lazima kuwe na mahali njia inagawanyika mara mbili, moja ingoje pembeni na nyingine ipite. Mahali hapo kunataka mtu wa kugeuza reli, kunataka mkuu wa stesheni wa kuulizana na stesheni ya mbele kama njia iko wazi kabla hajamruhusu dereva atoke, kunataka simu ya waya, taa, nyumba za kulala hao watu, na mabibi zao na watoto wao. Tayari una watu wa kununua sukari. Mwenye duka naye anakuja, na miaka ile wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wanafungua maduka wakifuata reli stesheni kwa stesheni, maarufu wao akiwa Allidina Visram. Mkulima anasikia kuna mahali anaweza kuuza mahindi na kuku. Hapo mji umeanza bila mtu kuupanga.

Mvuke nao ulikuwa na kiu. Injini inachemsha maji masaa yote, na ikiwa inapanda mlima inayamaliza upesi. Sasa angalia ile nchi. Ukitoka Mombasa unapita jangwa la Taru ambako wajenzi walikuwa wanaletewa maji kwa treni, ukifika Kibwezi mpaka Kiboko unapata nafuu ju upande wa kusini kuna milima ya Chyulu. Hiyo milima ni ya volkeno, changa sana kwa hesabu za mawe, imejaa matundu kama sponji, mvua ikinyesha juu hakuna mto unaoshuka, maji yanazama yote alafu yanatokea chini yakiwa chemchemi: Mzima upande wa Tsavo, Umani kule Kibwezi, Makindu, Kiboko. Reli imepita karibu na miguu ya hiyo milima, na ndio maana Makindu ikawa kambi kubwa ya reli. Makindu yenyewe ni mikindu, ile miti ya ukindu wa mikeka, na mti huo unapenda mahali maji yako karibu.

Ukishapita Kiboko na Simba na Emali, hizo baraka zinaisha. Sultan iko kwenye tambarare kavu, mita kama 1,200 juu ya bahari, na mito yake mingi ni ya mchanga: mwaka mzima unaona mchanga mweupe, mvua ikipiga huko juu milimani maji yanakuja siku moja kwa kelele, kesho ni mchanga tena. Maji yako lakini yako chini. Unaona mama amechimba shimo katikati ya mto, anachota na kikombe kidogo, anangoja yajae, anachota tena, punda amesimama na mitungi. Mbele kidogo ukielekea Nairobi kuna stesheni inaitwa Kiu. Sisemi jina hilo lilitokana na nini, mimi kila nikisoma kile kibao koo linakauka tu.

Na mvua ya kule mtu wa kutoka kwingine haielewi. Shuleni tulifundishwa mvua ndefu ni za Machi mpaka Mei na fupi ni za Oktoba mpaka Desemba, mtoto anajua basi zile ndefu ndizo za kutegemea. Ukambani ya chini ni kinyume. Zile "fupi" ndizo watu huweka roho yao, ndizo za ndengu, kunde, mbaazi na mahindi ya maana. Zile ndefu mara nyingi zinakuja zinachungulia zinaenda. Ukimkuta mtu wa Sultan mwezi wa kumi anaangalia mawingu upande wa mashariki usimsumbue na hadithi.

Hii nawaambia ju reli ilifika Ukambani wakati mbaya kuliko wote. Miaka ya 1898 na 1899 ndiyo ya ile njaa kubwa wazee wanaiita Yua ya Ngomanisye, mvua ilikataa, tayari sotoka ilikuwa imefagia ng'ombe miaka michache nyuma, na ndui ikaingia. Sasa jiweke kwa mtu wa wakati ule. Umekaa nyumbani huna kitu, alafu kutoka upande wa bahari kunakuja chuma kinanguruma, kimebeba magunia ya mchele wa watu wengine. Wakamba wana simulizi ya Syokimau, nabii wa kike aliyetabiri nyoka mrefu atakayetambaa kutoka maji mpaka maji, na watu wa rangi nyingine watakaobeba moto mfukoni. Moto mfukoni watu husema ni kiberiti. Leo jina lake liko kwenye stesheni pale Syokimau, kwa hivyo yeye na Hamoud wote wawili wameishia kwa vibao vya reli, tofauti ni kwamba mmoja aliitazama na mwingine aliiona kabla haijakuja.

Majina ya hiyo njia kwa jumla ni masimulizi ya nani alikuwa na sauti siku ile. Mackinnon Road ni Sir William Mackinnon, yule wa kampuni ya Waingereza iliyokuja kabla ya serikali yao. Mtito Andei ni Kikamba, msitu wa tai wala mizoga. Simba haitaki mkalimani. Na jirani wa Sultan upande wa Nairobi ni Kima, ambako Juni 1900 afisa wa polisi wa reli anaitwa Charles Ryall alilala ndani ya behewa akimvizia simba, usingizi ukamchukua, simba akaingia ndani akamtoa. Kwa hivyo ukiwa Sultan unasikiliza mtu akisema wanyama walimalizika na wale simba wa Tsavo, mwambie stesheni ya jirani tu hapo simba alipanda treni.

Turudi kwa mpaka, ju hii ndiyo sehemu inachemka mpaka leo.

Reli haikukata nchi tupu. Kaskazini yake pale Sultan kuna vilima vya Wakamba, unaanza kupanda kuelekea Kilome na Nunguni, huko kuna baridi na migomba. Kusini ni uwanda wa Wamaasai, nyasi na miti ya miiba, na asubuhi safi unaona Kilimanjaro imekaa juu ya upeo kama haigusi ardhi. Watu wa pande hizi mbili walikuwa wanajuana zamani, wanaibiana ng'ombe, wanaoleana, wanabadilishana nafaka na maziwa, na mpaka wao ulikuwa unasogea na mvua. Serikali ya kikoloni haipendi mpaka unaosogea. Mkataba wa 1904 uliwatoa Wamaasai maeneo ya Bonde la Ufa yaliyo karibu na reli, ule wa 1911 ukawasukuma hata wale wa kaskazini waje kusini, na kwa kipande hiki cha kwetu chuma cha reli kikawa kama kamba ya kuanikia ramani: huku rizavu ya Wamaasai, kule Ukambani. Kilikuwa kitu rahisi, kimenyooka, kinaonekana. Afisa aliye ofisini Nairobi anaweza kukichora na rula.

Alafu hiyo ramani ikarithiwa. Ikawa mpaka wa mikoa, Mashariki na Bonde la Ufa, na 2013 serikali za kaunti zilipoanza kazi ikawa Makueni na Kajiado. Lakini stesheni haikai upande mmoja wa reli. Mji ulikua pande zote mbili, na barabara kuu nayo ikaja ikapita karibu, kwa hivyo swali la leo ni gumu kweli: mpaka ni chuma? Ni lami? Ni ile ramani ya zamani ambayo kila upande unayo nakala yake? Mtu wa ushuru wa soko akija anatoka kaunti gani? Ukiangalia vizuri utaona si Sultan peke yake. Mackinnon Road, Taita Taveta na Kwale wanavutana. Mtito Andei, Taita Taveta na Makueni. Konza, ambako serikali ilitaka kujenga mji wa teknolojia, Makueni na Machakos na Kajiado wote wako hapo. Fuata hiyo mizozo kwenye ramani uone kama huchori reli. Watu husema ni ukabila, na siasa ikiingia ukabila huwa haukosi, lakini mimi naona chanzo ni kidogo na cha kijinga zaidi: treni ilisimama kwenye mpaka, watu wakajenga mahali treni imesimama.

Kwa miaka mingi kusimama huko kulikuwa kunalipa. Kutoka Sultan kwenda Konza reli inapanda kutoka hizo mita 1,200 mpaka zaidi ya 1,600, kupitia Kima, Kiu na Ulu, na hapo ndipo injini ilikuwa inaonyesha kama ni ya kiume. Miaka ya 1955 na 1956 zilikuja Garratt za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester, 34 kwa jumla, kila moja tani 252, majina yote ya milima ya Afrika Mashariki. Zilikuwa ndizo injini za mvuke zenye nguvu kuliko zote duniani kwenye reli ya upana wa mita moja. Ukitaka kuamini nenda pale makumbusho ya reli Nairobi uzione mbili zilizobaki, Mount Gelai na Mount Shengena, usimame kando ya gurudumu uone linakufikia wapi. Sasa fikiria hiyo kitu inafika usiku stesheni ndogo, inatema mvuke, mafuta yanawaka ndani, kila kikombe kwa kabati kinatetemeka, na mtoto aliyezaliwa kwa zile nyumba za reli hata haamki.

Alafu dizeli ikaja, na mpaka mwaka 1980 zile Garratt zote zilikuwa zimeondolewa. Dizeli haihitaji mnara wa maji, wala moto wa kufagiwa, na inavuta safari ndefu bila kushikwa mkono. Watu wengi wakieleza kifo cha miji ya reli wanaanza na malori, lakini pigo la kwanza lilitoka ndani ya reli yenyewe: injini iliacha kuhitaji mji. Stesheni ikabaki na kazi moja tu, kupishana, na ukipunguza treni hata hiyo inapungua.

Malori yakamalizia. Barabara ya Mombasa ikawekwa lami yote mwishoni mwa miaka ya 1960, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977 na shirika la reli la pamoja likagawanywa vipande, mwaka 1978 bomba la mafuta la Mombasa mpaka Nairobi likafunguliwa likachukua mzigo mwingine. Na angalia kichekesho: moja ya stesheni za kusukuma mafuta kwa hilo bomba iliwekwa Sultan Hamud, pamoja na Changamwe, Maungu na Mtito Andei. Maana mafuta nayo yanapanda mlima, yakifika hapo yamechoka, lazima yasukumwe upya. Ile ile sababu ya Garratt. Nchi haijabadilika, kinachopita ndicho kimebadilika.

Mji haukufa, lakini uligeuka. Zamani uso wa mji ulikuwa stesheni, mgongo ukawa kwa vichaka. Sasa uso uko kwa lami na stesheni ndiyo imekuwa uani. Ukiingia nyuma ya maduka dakika chache kwa miguu unapata reli ya zamani, nyasi katikati ya mataruma, mbuzi wanakula humo kwa amani, na ukiinama uguse chuma unaona juu kina kutu ya rangi ya chai. Reli inayotumika haina kutu juu, magurudumu yanaisugua inang'aa. Hiyo ni njia rahisi ya kujua treni ilipita lini, huhitaji kumuuliza mtu.

Treni ya abiria ya zamani ilikuwa inasafiri usiku, kwa hivyo watalii wengi walioisifia walipita Sultan wamelala, mji wenyewe hawakuuona. Hiyo nayo ikasimama 2017, mwaka ule ule SGR, yaani ile reli mpya, ilipozinduliwa tarehe 31 Mei. SGR upana wake ni milimita 1,435, haiwezi kutumia chuma cha zamani cha milimita 1,000, na hata kama ingeweza haitaki zile kona, ilichimbiwa njia yake mwenyewe, tuta refu na madaraja, kilomita karibu 472 kutoka Mombasa mpaka Nairobi. Stesheni za abiria katikati ni chache sana: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River. Sultan haimo. Jirani Emali ndiyo ilipata, pengine kwa sababu hapo ndipo barabara ya Loitokitok inaungana na ya Mombasa, na kwa treni inayokimbia huwezi kuweka vituo viwili karibu hivyo. Kiufundi naelewa. Mtu wa Sultan ukimweleza hivyo anakuangalia tu.

Lakini tusilie sana. Ile tambarare iliyokuwa haina maji ilipata bomba kutoka chemchemi za Nol Turesh kule Loitokitok, maji ya Kilimanjaro yanayopita hapo yakielekea mpaka Machakos na Athi River, ingawa maji kupita mji wako na maji kuwa kwa mfereji wako ni vitu viwili. Malori yanasimama. Mbuzi wa uwandani na maembe ya milimani bado yanakutana pale pale yalipokutania miaka mia na ishirini iliyopita. Kitu pekee kinachohesabika Sultan ni nani anasimama: ilikuwa injini, ikawa lori, sasa ni mtu yeyote mwenye njaa kati ya Emali na Konza.

Mara ya mwisho nilipita na rafiki wa kutoka Bukoba, nikamweleza haya yote kuanzia Simba, sauti juu kidogo ju ya mziki wa gari, na nilikuwa ndio nimefika kwa Hamoud anapanda treni wakati makanga alipogonga bati la gari, "Sultan! Sultan kuna wa kushuka?" Akangoja kidogo. Hakukuwa na mtu. Akagonga tena mara mbili, dereva akakanyaga mafuta, na yule mama wa maembe aliyekuwa ameanza kukimbia na beseni lake akageuka akarudi kwa kivuli.